Mistari Iliyobaki Chini ya Wafu

Mistari ishirini ya mwisho ya gazeti letu ilianza na wafu. Ndivyo shefu Kitenge, mkuu wetu ofisini, alivyolipanga gazeti la kampuni: mbele habari za shaba, katikati usalama kazini na mpira, na mwisho wa ukurasa wa nne majina ya waliofariki juma lile, awe mfanyakazi, mke wake au mtoto wake. Kila marehemu alipewa mistari miwili. Wafu wakishachukua yao, iliyobaki chini ilikuwa ya Tata Mulumba, naye aliijaza kichekesho.

Kwa hiyo hakujua kamwe ataandika kwa urefu gani. Kila Ijumaa asubuhi alisimama mlangoni pangu, kofia mkononi, akauliza, "Mama Adolphine, balituachia ngapi?" Nikimjibu kumi na sita, alikunja uso, kwa sababu kumi na sita ilikuwa mingi mno kwake. Nikimjibu minane, uso ulitulia. Mtu asiyemjua angesema huyu anafurahia misiba. Hakufurahia. Alipenda nafasi ndogo tu, na katika gazeti lile nafasi ndogo ilikuja kwa njia hiyo moja.

Mimi ndiye niliyepiga mashine. Jina langu ni Adolphine Nkulu, wazazi wangu walitoka Kabongo, kaskazini mwa Katanga, na ulimi wangu ni mkali tangu usichana, muulizeni yeyote Kolwezi. Ninayoandika hapa ni habari za Mulumba, lakini ndani yake kuna kosa langu, na nitalisema nikilifikia. Sitalizunguka.

Baba yake Mulumba aliletwa kutoka Kasai na waandikishaji wa mgodi, zama za Wabelgiji, kijana mwenye blanketi moja. Mulumba mwenyewe alizaliwa Kolwezi, akasomeshwa na mapadri, akawa karani wa magazini, yaani stoo ya viatu vya kazi, kofia ngumu, glavu na sabuni. Alikuwa mnene, na uso wake ulikuwa mkavu kama ukuta wa ofisi. Katika miaka kumi na minne sikumwona akicheka hata mara moja. Mkewe, Ngalula, alicheka kwa niaba yake. Naye alizaliwa hapa hapa, kwenye kambi ya wafanyakazi, nyumba ya nne kutoka kwa akina Mulumba. Nyuma ya nyumba yao alikuwa na bustani ya lengalenga iliyosifika mtaa mzima, kwani mboga zake zilistawi hata kiangazi. Alizimwagilia asubuhi na jioni kwa bidoni, dumu alilolitoboa matundu chini, na kazi hiyo hakumwamini mtu mwingine kuifanya.

Kuandika kulianza mwaka 1979. Juma moja hakufa mtu, na Kitenge, ambaye karatasi nyeupe ilimkera kuliko deni, akauliza kwenye ukumbi wa chakula nani ana kitu cha kujaza. Mulumba akaleta karatasi aliyoikunja mara nne. Naikumbuka yote:

"Mfanyakazi amekuja magazini kulalamika kwamba nimempa viatu viwili vya mguu wa kushoto. Nimemwambia arudi kesho, huenda atapatikana mwenzake mwenye viwili vya kulia. Kesho yake amekuja mwingine, naye analalamika. Nimefurahi. Nimewaita wote wawili, nimewavua viatu, nimewabadilishia. Vyote vinne vilikuwa vya kushoto. Wametia saini."

Nilipoipiga niliona haina mwisho. Nilikuwa na miaka ishirini na miwili na nilijua kila kitu. Nikaongeza mstari wangu: Jamani, ukarani si kazi rahisi. Gazeti likatoka hivyo. Jumatatu yake Mulumba alikuja, kofia mkononi.

"Mama, ni nani aliandika mustari wa mwisho?"

"Ni mi. Habari ilikuwa inakosa mwisho, tata."

"Mwisho ilikuwa. Weye ulikaa juu yake."

Nilikasirika nusu nimrushie kalamu. Jioni, nyumbani, nilifunika mstari wangu kwa kidole gumba nikasoma tena. Wametia saini. Ndipo nilipocheka peke yangu mpaka mama yangu akaja kuona nina nini. Karani anaridhika kwa sababu karatasi imekamilika, na watu wawili wanaondoka wakichechemea, na hakuna aliyesema kwamba huo ni ujinga. Kila mtu Kolwezi alimjua karani wa namna hiyo, na wengine walikuwa wameolewa naye. Mimi kwa mstari wangu nilikuwa nimemweleza msomaji kitu alichokuwa tayari anakishika mkononi, nikamnyang'anya.

Kuanzia hapo tulifanya kazi pamoja. Kona yake ikaitwa Mguu wa Kushoto, na watu wakamwita yeye Tata Kushoto. Alinifundisha kwa maneno machache, kwa kawaida akiwa ameshanipa mgongo ili aondoke. Mjinga wa habari, alisema, awe mwandishi mwenyewe daima. "Nikiweka mwingine, batu batacheka, lakini ule ataenda kulia kwake." Kitu kizito kiwekwe mwisho, halafu mtu anyamaze. Neno ambalo msomaji analijua lifutwe. Na jambo moja alilisema mara nyingi kuliko yote: "Hapana kumaliza na swali. Swali ni mulango wazi, kila mutu anaingia na yake."

Alikuwa na namna yake ya kupima. Alisimama nyuma yangu nikipiga, wala hakuangalia uso wangu. Aliangalia vidole. Stensili hupigwa bila utepe wa wino, herufi zinakata nta tu, na mpigaji anakwenda mbio bila kuona vizuri anachoandika. Kama vidole vyangu vilipita habari nzima bila kusita, aliitoa karatasi mashineni mwenyewe, akairarua, stensili nzima, nami nikaanza upya. Kama vilisimama, hata kwa pumzi moja, aliuliza ni wapi. Nikimwonyesha mahali, aliridhika akaenda zake kugawa sabuni.

Jumamosi, ambayo kwetu huitwa siku ya posho, gazeti liligawiwa langoni saa za kutoka. Wengi hawakusoma vizuri, kwa hiyo Dodo aliwasomea. Dodo alikuwa dereva wa lori la madini, mtu wa sauti nene, aliyepanda juu ya jiwe la langoni na kuanza na ukurasa wa nne. Aliwasoma wafu kwa heshima, kofia kifuani. Halafu alivaa kofia tena, na watu walipoona kofia imerudi kichwani walianza kutabasamu kabla ya neno lolote. Nilikuwa nikisimama dirishani kusikiliza, na Jumatatu nilimpelekea Mulumba habari, kwa sababu yeye hakwenda langoni kamwe. Alisema mpishi hasimami nyuma ya mlaji.

"Balicheka?"

"Balicheka, tata."

"Ku mustari gani?"

Nilimwambia mstari. Sikumdanganya hata mara moja katika miaka hiyo, na iliyokuwa mibaya nilimwambia kwamba ni mibaya, tena kwa raha.

Halafu mambo yakaanza kuporomoka. Mgodi mkubwa wa chini ulibomoka mwaka 1990, mashine zikasimama moja baada ya nyingine, vipuri havikuja. Hata mtambo wa kuhesabu watu langoni ulikufa, na Mulumba akaandika hivi:

"Mtambo wa langoni umeharibika. Shefu ameniamuru nihesabu wafanyakazi kwa kidole. Asubuhi wameingia mia tatu na kumi. Jioni wametoka mia tatu na kumi na wawili. Tunawatafuta hao wawili, wakatwe siku kwa kutoingia kazini."

Langoni walicheka hadi Dodo akashuka jiweni. Kitenge mwenyewe alicheka. Lakini kuna mtu nyuma, sikumwona uso, aliyesema, "Bale babili ni ba Kasai," na wachache wakacheka mara ya pili, kicheko kifupi. Nilimpelekea Mulumba kile kicheko cha kwanza. Cha pili nilikiona kidogo, nikakiacha.

Mwaka 1992 maneno yalianza kuja na treni kutoka Likasi. Kwenye mikutano watu walisema kazi zote zimeliwa na wa Kasai, kila mmoja arudi kwao. Wakaanza kuwaita bilulu, yaani wadudu, na mmoja ni kilulu. Watu niliosali nao waliitana hivyo nje ya kanisa, wakitabasamu, kana kwamba ni utani. Na sisi tulikuwa na utani kweli, Waluba wa huku Katanga na Waluba wa kule Kasai, tangu mababu: msibani mtani wako alikuja kukutukana mpaka uache kulia. Hiyo ndiyo iliyotupotosha wengi. Tulikuwa tumezoea kutukanana kwa upendo, na neno baya lilipokuja tulilipokea kama mgeni wa kila siku.

Mulumba alilipokea hivyo kuliko sisi sote. "Mutu hafukuze mwenye kumuchekesha," aliniambia. Aliamini kabisa. Ngalula hakuamini. Ngalula alikuwa sokoni kila siku na alisikia waliyoyasema wauzaji wakati wa kurudisha chenji. Mwishoni mwa Februari 1993 alikuja ofisini kwangu, jambo ambalo hakuwahi kulifanya, akakaa kwenye kiti cha wageni bila kucheka.

"Paroisi iko inatafutia batu treni," aliniambia. "Tarehe kumi na moja ya mwezi wa tatu. Iko na viti, na maji, na masista. Mi ninataka twende, hata bustani ife. Tata yako anakataa. Anasema atangojea gazeti. Batu bakicheka, anabaki. Bakinyamaza, tunaenda."

"Na mi nifanye nini, mama?"

"Weye njo uko masikio yake. Umwambie kweli."

Nilimwahidi. Nataka hilo lisomeke vizuri: nilimwahidi Ngalula, uso kwa uso.

Wakati huo gazeti lilikuwa na orodha mpya. Kitenge aliniamuru niiweke baada ya wafu, chini ya kichwa cha maneno Walioacha Kazi kwa Hiari Yao. Walikuwa wale waliokwisha kukimbia. Majina yaliongezeka kila Ijumaa na kumsogeza Mulumba chini. Juma la kwanza la Machi nilimwambia minne, na kwa mara ya kwanza minne haikumtuliza. Alisimama nyuma yangu nikapiga:

"Nimesikia kwamba siku hizi mimi ni kilulu. Nimepanda kwenye mizani ya magazini ili nihakikishe. Kilo themanini na tisa. Ngalula anauliza: kilulu cha namna hiyo nani atakibeba?"

Vidole vyangu vilisimama kwenye kilo. Aliona, akaridhika. Nikamwambia, "Tata, umemaliza na swali." Akafikiri. Alisema nafasi imekwisha, na kwamba kwa mara moja si neno. Sijui kama alichoka au aliogopa. Mtu anayeogopa huuliza.

Jumamosi ile, tarehe sita, nilikuwa dirishani. Langoni kulikuwa na vijana ambao hawakuwa wafanyakazi wetu, wamefunga vitambaa kichwani. Dodo alisoma wafu, akasoma orodha, akavaa kofia. Kwenye kilo themanini na tisa watu walicheka, na kicheko kilikuwa kizuri, cha zamani. Nilipumua. Halafu Dodo akasoma swali, nani atakibeba, na kabla hajashusha karatasi kijana mmoja akajibu kwa sauti ya kawaida tu:

"Shiye tutakibeba."

Hapo walicheka zaidi. Walicheka muda mrefu, wakirudia, tutakibeba, tutakibeba, na Dodo juu ya jiwe akacheka nao, akalirudia jibu lile kwa ile sauti yake. Nilifunga dirisha.

Jumatatu Mulumba alikuja, kofia mkononi. "Balicheka?"

Hili ndilo kosa langu. Ningeweza kusema niliogopa kumvunja moyo. Ningeweza kusema nilimpenda na sikutaka aondoke, na hilo pia ni kweli, kwa sababu siku zangu za juma zilihesabiwa kwa Ijumaa yake. Lakini ukweli wa ndani ni huu: nilikuwa mmoja wa wale wa huku, na niliona aibu kurudia maneno ya wenzangu mbele ya uso wake. Nikaijali aibu yangu kuliko maisha yake.

"Balicheka sana, tata," nikasema.

"Ku mustari gani?"

"Ku kilo."

Aliitikia kwa kichwa akaenda. Viti vyake viwili kwenye treni ya paroisi, yaani parokia, walipewa watu wengine. Tarehe kumi na moja niliisikia treni ile ikipiga honi kuelekea Lubudi, nikaendelea kupiga mashine.

Walikuja kwake tarehe ishirini na tisa, saa nne asubuhi, jua likiwaka. Nilisikia nyimbo nikatoka. Vijana wanane walikuwa wamembeba Mulumba juu ya kiti chake cha sebuleni, wamekiinua mabegani, na yeye amekaa juu, kofia mapajani, uso mkavu uleule. Waliimba kilo themanini na tisa. Mguu mmoja wa kiti ulishikwa na Dodo. Nyuma Ngalula alitembea kwa miguu na furushi kichwani na lile bidoni lake la matundu mkononi, sijui kwa nini alichukua hilo. Kando ya barabara watu walitazama, na wengi walicheka, kwa kuwa kwa kweli mtu mnene juu ya kiti anachekesha. Mulumba alikuwa akiwaangalia midomo. Nilijua anatafuta nini. Alikuwa akisikiliza ni kicheko cha namna gani. Nilisimama pale mpaka walipopinda kona, na sikufungua mdomo, mimi mwenye ulimi mkali.

Ijumaa ile nilipiga orodha ya walioacha kazi kwa hiari yao. Wa mwisho, wa kumi na tatu, alikuwa Mulumba, karani wa magazini. Vidole vyangu havikusimama. Chini yake ilibaki mistari minne nyeupe, na Kitenge, aliyechukia karatasi nyeupe, hakutafuta mtu wa kuijaza.

Kwenye gare, stesheni ya treni walikopelekwa waliofukuzwa, kulikuwa na maelfu. Walikaa chini ya mabati na kwenye reli, wengine chini ya shuka zilizofungwa kwenye nguzo, wakingojea treni ambazo hazikuja. Maji yalikuwa bomba moja. Nilikwenda kila Jumapili na unga, na kila Jumapili waliokohoa na kuharisha walikuwa wengi zaidi. Mara ya kwanza Ngalula alinipokea. Hakuniuliza lolote juu ya ahadi yangu, naye Mulumba hakuuliza lolote. Nikaona afadhali. Mara ya pili alikuwa amelala kwenye mkeka na hakuinuka. Mara ya tatu mkeka ulikuwa umekunjwa.

"Tulimuzika tarehe kumi na tano," Mulumba alisema. "Pale nyuma. Padri alikuya." Alikuwa amekonda, shati lilimning'inia. "Mama Adolphine, uniombee kwa Kitenge. Mistari mibili. Ni muke wa mufanyakazi."

Nilimwomba Kitenge Jumatatu, nikiwa nimesimama. Hakuwa mtu katili, na hilo lilinikera zaidi. Alifungua daftari, akanionyesha. Wafu wa gazeti ni wafanyakazi na watu wao. Mulumba aliacha kazi kwa hiari yake mwezi uliopita. Basi mkewe si mke wa mfanyakazi. Alisema anasikitika, na nilimwona akisikitika, kalamu ikiwa juu ya sikio.

Nilirudi gare siku ileile. Mulumba alisikiliza mpaka mwisho. Halafu akaniuliza kwa sauti ya mlangoni pangu, ile ya Ijumaa:

"Balituachia ngapi?"

"Mine, tata. Kila juma iko nyeupe."

Aliomba kalamu. Alirarua kipande cha mfuko wa unga, akakaa kwenye reli, akaandika, akafuta, akaandika. Alichukua saa nzima kwa mistari minne. Alinipa kile kipande, nami nilikiweka kifuani, nikaipiga mistari yake Ijumaa, Kitenge alipokwisha kukagua ukurasa wa kwanza, ambao ndio peke yake aliokuwa akiukagua. Niliweka na kichwa chake cha zamani, Mguu wa Kushoto.

Jumamosi Dodo alipanda juu ya jiwe. Alisoma wafu, akasoma orodha. Alipoona kichwa kile chini alisita, watu wakapiga kelele asome, walikuwa wamekosa kucheka majuma mengi. Akavaa kofia.

"Miaka thelathini nilimwomba Ngalula twende Kasai akaone kwetu. Kila mwaka alinijibu: na lengalenga yangu nani atamwagilia?"

Walicheka. Wote waliijua bustani ile, wengine walikuwa wameila.

"Mwezi uliopita majirani wametusaidia kubeba mizigo, pamoja na mimi juu ya kiti."

Hapo walicheka kwa nguvu, na Dodo aliyeshika mguu wa kiti alicheka kuliko wote, akapiga paja. Akainua karatasi tena kusoma mstari wa mwisho, na sauti ilikuwa bado ya kicheko ilipoanza.

"Ngalula ameshinda. Amezikwa nyuma ya gare tarehe kumi na tano. Mumwagilie."

Hakuna aliyecheka. Dodo alibaki na karatasi mbele ya uso. Baada ya muda alivua kofia, akaiona mkononi mwake kana kwamba ni ya mtu mwingine, akashuka. Watu waliondoka bila kusukumana. Jumatatu Kitenge aliniita, na juma lililofuata jina langu liliingia kwenye orodha ya walioacha kwa hiari yao. Sikujali.

Nililojali ni Jumapili iliyotangulia. Nilikimbia gare asubuhi, kwa kuwa treni ilikuwa imekuja hatimaye, mabehewa ya mizigo, na watu walikuwa wanapandishwa. Nilimkuta Mulumba amekaa juu ya furushi karibu na mlango wa behewa.

"Balicheka?"

"Balicheka mpaka ku mustari wa tatu."

"Na wa ine?"

"Wa ine hapana, tata. Bote balinyamaza."

Aliitikia kwa kichwa taratibu. "Na bidole yako?"

"Ilisimama. Niliacha mashine, nikatoka inje."

Uso wake ulitulia, ule utulivu wa mistari minane. Sikuweza kuubeba. Alikuwa anapanda treni akiyaamini masikio yangu. Nikamwambia, "Tata, ile ya kilulu nilikudanganya. Habakucheka muzuri. Ulipouliza nani atakibeba, kuna mwenye kujibu."

"Alijibu nini?"

"Alisema: shiye tutakibeba."

Niliona midomo yake ikiyapitia maneno yale polepole, akiyapima kama alivyopima kila mstari, akitafuta lipi la kufuta. Hakupata.

"Mustari wao ni muzuri kupita wangu," alisema.

Honi ikalia. Watu wakaanza kumsukuma kutoka nyuma, akainuka, akashika mlango wa behewa. "Ngalula alitaka treni ya tarehe kumi na moja," aliniambia. Hakulisema kwa hasira. Nilimjibu kwamba najua. Alifungua furushi, akatoa lile bidoni la matundu, akanipa, akapanda.

Nililibeba mpaka mtaa wao, ili nikaimwagilie bustani. Nyumba ilikuwa na watu wengine, na lengalenga walikwisha kuila.